Nionyeshe Jointi

Mjomba aliingia jikoni mwa watu, akavua kofia, akaweka kiganja juu ya kaunta nyekundu na kuanza kuipapasa taratibu kutoka ukutani mpaka kwenye sinki. Alikuwa amefumba macho. Kijana aliyeitengeneza alisimama pembeni na kipande cha msasa mkononi, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Kaunta ilikuwa na umbo la L, nyekundu kama pilipili iliyoiva, na iling'aa kiasi kwamba niliona ndani yake dirisha, na nyuma ya dirisha niliona milima ya Uluguru.

"Nionyeshe jointi," Mjomba akasema.

"Itafute mwenyewe, mzee wangu."

Mjomba akarudia safari ya kiganja, safari hii kwa kucha. Akainama mpaka shavu likakaribia kaunta, akatazama mwanga unavyoteleza. Mwishowe akakubali kwamba haioni. Kijana akaweka kidole mahali ambapo si kwenye kona kabisa, bali kama shubiri moja kutoka kona. "Hapa," akasema. Nami nikatazama hapo aliponyesha, nisione kitu.

Hii ilikuwa Kihonda, Morogoro, wiki ya pili tangu nishuke treni ya SGR kutoka Dar es Salaam nikiwa na daftari, kinasa sauti na kichwa cha tasnifu ya uzamili kuhusu vibarua wa ujenzi wa mji huu tangu Uhuru hadi miaka ya 1980. Nilikuwa nimeshinda miezi kadhaa kwenye faili. Katika faili nilizosoma, mwenye kiwanja ana jina, mchora ramani ana jina, afisa aliyepiga muhuri ana jina. Waliochanganya zege na kusugua sakafu ni namba: vibarua sita, vibarua kumi. Nilikuwa nimekuja kuwatafuta hao sita na hao kumi. Mjomba wangu, kaka wa mama yangu, alikuwa mmoja wao, na kwa sababu alikuwa Mjomba sikuwa nimewahi kumhoji.

Yule kijana alitueleza kazi yake. Shiti zilikuja kwa lori kutoka Dar. Kaunta yenye kona haitoki kwenye shiti moja, kwa hiyo ni lazima kuunga. Kingo mbili hunyooshwa kwa mashine mpaka zikikutanishwa mwanga usipite katikati. Hupanguswa kwa spiriti na kitambaa cheupe, maana hata alama ya kidole chenye jasho itabaki humo ndani milele kama uzi. Gundi ni ya rangi ileile na ya asili ileile ya shiti yenyewe. Huchanganywa na kigandishi chake, ikamiminwa kwenye upenyo, na vibanio vikakazwa. Visikazwe mno, kwa sababu ukibana kupita kiasi gundi yote inatoka na kiungo kinabaki kikavu. Gundi inayofurika juu haifutwi. Huachwa igande, kisha hukwanguliwa, na ndipo msasa unapoanza: mkali, kisha wa wastani, kisha laini, kisha laini zaidi. Kila msasa una kazi moja tu, kufuta mikwaruzo ya msasa uliotangulia. Ukiruka mmoja, mkwaruzo utakufuata mpaka mwisho.

"Rangi ndiyo mtihani," akasema. "Nyeupe inasamehe. Nyekundu, bluu, nyeusi, hizo zinakusema kwa mwenye nyumba. Kila ulipozembea panaonekana weupe."

Mjomba akacheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu. Alipopata pumzi alisema, "Hata sisi ilikuwa hivyohivyo."

*

Kitu ambacho kijana alikiita "solidi" kilizaliwa mbali sana na Kihonda. Mwaka 1967, katika kampuni ya DuPont huko Marekani, mkemia aitwaye Donald Slocum alichanganya plastiki ya akriliki na unga wa madini ya alumini, yale yanayotokana na boksiti. Theluthi mbili hivi ni unga wa madini, inayobaki ni plastiki. Matokeo yalikuwa kitu kinachofanana na jiwe lakini kinachokatwa kwa misumeno ya seremala, chenye rangi ileile kutoka juu hadi chini. Ukikikwaruza, unapiga msasa na rangi haijatoka. Ukikiunga kwa gundi ya akriliki, viwili vinakuwa kimoja. Kampuni ilikipa jina Corian na kukiingiza sokoni mwaka 1971.

Mwanafunzi wa historia wa Tanzania hawezi kusikia miaka hiyo miwili bila kusikia kingine. Mwaka 1967 ndio wa Azimio la Arusha. Mwaka 1971 ndio wa Sheria ya Utwaaji wa Majengo, ambayo kwayo serikali ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Wengi walioyapoteza walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia. Majengo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na vyumba ambavyo wengi wetu tulikuwa tumeviingia kwa mlango wa nyuma tu, tukiwa na ndoo na kitambaa, sasa vikawa na wapangaji wapya.

Bibi yangu aliingia kwa mlango huo wa nyuma. Kabla ya kufungua mgahawa wake Mwembesongo, alifanya kazi za ndani katika nyumba moja ya Uhindini yenye sakafu nyekundu. Asubuhi alipaka nta, akasubiri ikauke, akapiga magoti juu ya kipande cha blanketi kuukuu na kusugua mpaka uso wake uonekane sakafuni. Mama yangu anasema Bibi aliijua ile sakafu kuliko mwenye nyumba. Alijua ufa ulipoanzia, na alijua mahali fundi alipoishiwa rangi akachanganya nyingine ambayo haikulingana kabisa na ya kwanza. Mgeni aliyeingia kwa mlango wa mbele aliona nyekundu moja tu.

*

Nilipoanza kufuatilia historia ya nyuso hizi laini, kitu cha kwanza kilichonisaidia kilikuwa maneno yenyewe.

*Sakafu* ni neno lililotoka Uarabuni, na huko maana yake ni dari au paa. Sisi tunaikanyaga. Katika nyumba za mawe za Zanzibar, Lamu na miji mingine ya pwani, paa bapa na sakafu ya ghorofani vilijengwa kwa namna moja: boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe, juu yake chokaa na kokoto. Kisha chokaa ilipigwa. Watu wengi, mara nyingi wanawake, walisimama safu kwa safu na vipande vya miti wakipiga kwa mdundo mmoja huku wakiimba, siku baada ya siku, mpaka chokaa ikashikana na kuwa kitu kimoja kisichopitisha maji. Hapakuwa na kiungo kwa sababu hapakuwa na vipande. Watu wengi walifanya uso mmoja, kisha wakashuka na wenye nyumba wakapanda.

*Marumaru* lilikuwa jiwe la wafalme. Leo ukisema "marumaru" Morogoro, kila mtu anaelewa vigae vya dukani. Jiwe halisi tunalo. Upande wa mashariki wa Uluguru, kuelekea Matombo, ardhi imekaa juu ya marumaru ya kweli, miamba ya chokaa iliyopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Ndani ya miamba hiyo wachimbaji wanatafuta rubi na spineli. Msitu wa Kimboza umeota juu yake, na ndani ya msitu huo anaishi mjusi mdogo mwenye buluu kali ambayo hakuna fundi rangi anayeweza kuichanganya.

*Terazo* ni neno la Italia. Inasimuliwa kwamba mafundi wa Venice walikuwa wakiokota chenga za marumaru zilizobaki kwenye majumba ya matajiri, wakazichanganya na chokaa na kusakafia baraza zao wenyewe. Saruji ilipokuja, na baadaye mashine za umeme za kusagia, kazi hiyo ya mabaki ikawa kazi ya benki, hospitali, shule na stesheni duniani kote.

Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Baada yake walikuja wenye mashamba ya mkonge, wenye maduka, na mafundi wa kuwajengea. Mafundi wenye asili ya India walikuwa na ujuzi wa sakafu ya saruji yenye oksaidi, yaani unga wa rangi unaochanganywa na saruji kavu na kupigwa kwa mwiko juu ya zege bichi. Fundi wa leo angesema "niru ya rangi". Nyekundu ndiyo ilikuwa nafuu na ndiyo ilidumu, kwa sababu ni oksaidi ya chuma, yaani kutu. Ni rangi ileile inayofanya udongo wa Uluguru uwe mwekundu. Njano nayo ni ya chuma. Kijani ni ya madini ya kromi na bei yake ilikuwa juu. Buluu ilikuwa ghali zaidi, na buluu ya bei rahisi ilipauka ndani ya saruji kabla mwenye nyumba hajamaliza deni.

*

Mjomba alianza kazi mwaka 1974 akiwa na miaka 16. Alikuwa saidia fundi. Neno hilo halina heshima yoyote mtaani, na nilipomuuliza alikuwa nani kwenye saiti, alilisema bila kusita: "Saidia fundi. Mbeba maji. Msugua terazo."

Fundi wake alikuwa mzee wa Kikachi aliyejifunza kwa baba yake. Kazi nyingi zilikuwa za kutengeneza upya: ngazi, korido, kaunta za maduka. Mjomba alinieleza hatua zake jioni mbili mfululizo, na nilipolinganisha na vitabu vya ujenzi sikukuta alipokosea.

Kwanza zege la chini, gumu. Juu yake hupangwa mistari, kwa vipande vya kioo au vya madini, vikigawa uso katika vyumba. Chumba kisizidi mita mbili kila upande. Kisha huchanganywa saruji, rangi na chenga za marumaru. Rangi isizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa saruji, la sivyo saruji inakosa nguvu. Rangi kali inataka saruji nyeupe. Ukitumia ya kijivu, njano inakuwa matope. Mchanganyiko hujazwa chumba kwa chumba, unashindiliwa, unasawazishwa, unamwagiwa maji siku kadhaa. Wakati huo uso hauna uzuri wowote. Chenga zote zimezama.

Ndipo saidia fundi anapiga magoti. Jiwe la kwanza la kusagia ni namba 60, kali. Anasugua kwa maji mpaka chenga zinafunguka na kuonyesha matumbo yake. Vitundu vinaonekana, vinazibwa kwa uji wa saruji ya rangi ileile. Siku kadhaa za maji. Jiwe namba 120. Uji tena. Maji tena. Jiwe namba 220, kisha 320. Mwishoni asidi ya unga, kitambaa, nta. Kwenye sakafu pana kulikuwa na mashine, lakini kaunta, ngazi na kona zote zilisuguliwa kwa mkono.

"Mita moja ya kaunta ilikuchukua muda gani?" nikamuuliza.

"Muda wa nani? Wa fundi au wa magoti?"

Nikaandika jibu hilo kwenye daftari na sikujua niliweke kwenye sura ipi ya tasnifu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 alipata kazi Mazimbu, nje kidogo ya mji, ambako chama cha ANC cha Afrika Kusini kilikuwa kikijenga chuo chake kwa ajili ya vijana wakimbizi, kilichopewa jina la Solomon Mahlangu aliyenyongwa na utawala wa makaburu Aprili 6, 1979. Oliver Tambo alikifungua rasmi Agosti 22, 1985, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Watanzania wengi wa Morogoro walifanya kazi kwenye ujenzi ule. Mjomba hakusoma hapo hata siku moja. Lakini tukipita kwa bodaboda hunionyesha kwa kidole ukuta huu na ule, kama mtu anayeonyesha watoto wake.

*

Katika mgahawa wa Bibi, Mwembesongo, kuna kaunta ya terazo yenye urefu wa hatua tatu. Nimekula maandazi juu yake tangu sijafikia kuiona kwa juu. Ina vyumba vinne: chekundu, cha njano, cha kijani, na kidogo cha buluu mwishoni, pale palipokuwa na birika. Chenga ni nyeupe. Mstari kati ya nyekundu na njano ni wa kioo cha dirisha, kati ya njano na kijani ni wa kioo cha chupa, na kati ya kijani na buluu ni waya wa shaba uliopondwa kwa nyundo. Utotoni nilidhani Mjomba alipenda tu rangi nyingi. Sikuwahi kuuliza kwa nini mgahawa wa mabati na benchi mbili una kaunta ambayo hata ofisi ya mkuu wa wilaya isingeikataa.

Jibu ni mwaka 1983.

Vita na Uganda ya Idi Amin, iliyomalizika mwaka 1979, ilikuwa imekomba fedha za kigeni. Bidhaa hazikuonekana madukani. Saruji ya kijivu ilitengenezwa Wazo, Dar es Salaam, tangu 1966, lakini kuipata kulihitaji kibali na subira. Saruji nyeupe na oksaidi ziliagizwa kutoka nje, na nje hakukuwa na pesa ya kuagizia. Machi 1983 ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi, ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Waliokutwa na bidhaa zilizofichwa walikamatwa, na sheria maalumu ya uhujumu uchumi ikapitishwa mwaka huohuo. Wazee wanakumbuka watu waliotupa sabuni, vitambaa na redio usiku, wengine mtoni, ili wasikutwe navyo asubuhi.

Mjomba alikuwa na miaka 25. Chini ya kitanda alikuwa na nusu mfuko wa saruji nyeupe na makopo manne ya oksaidi. Kwa miaka kadhaa, kazi ilipomalizika na mwenye kazi hakuwa na pesa ya kumlizia ujira, alilipwa kwa mabaki. Nyekundu ilitoka kwenye ngazi fulani, kijani kwenye korido fulani. Alikuwa akiweka akiba ili siku moja apate kazi yake mwenyewe na aitwe fundi. Sasa akiba hiyo ilikuwa na jina jingine. Nani angeamini kwamba kibarua alilipwa kwa saruji nyeupe? Risiti angeitoa wapi?

Bibi ndiye aliyeamua. Alisema saruji iliyokwisha kuganda haikamatwi.

Kulikuwa na tatizo moja, chenga hazikuwepo. Bibi alikuwa mzaliwa wa Matombo. Akapanda gari la magendo la ndizi, akarudi siku ya pili na gunia la mawe meupe, na usiku akayaponda kwa nyundo ndani ya kitambaa ili isisikike. Mjomba alichanganya kwa mwanga wa kandili. Alijaza nyekundu kwanza kwa kuwa ndiyo ilikuwa nyingi, kisha njano, kisha kijani, na buluu ikatosha mahali pa birika tu. Vioo na waya aliviokota. Alfajiri walikuwa na kaunta ya zege la kijivujivu lenye mabaka, lisilo na thamani machoni mwa mtu yeyote. Aliifunika kwa magunia mabichi na kuiacha hivyo. Hakuisugua mpaka mwaka uliofuata. Aprili 12, 1984, Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, si mbali na hapa, na Mjomba anakumbuka kwamba mji mzima ulilia, naye alilia. Hakuwahi kumchukia. "Wezi walikuwepo kweli," aliniambia. "Mimi tu ndiye niliyekuwa nafanana nao."

Baada ya arobaini alishika jiwe namba 60, na rangi zikaanza kutoka.

*

Sasa rudi Kihonda kidogo. Yule kijana anafanya kazi ngumu, na ninaiheshimu. Ana haki ya kujivunia kiungo ambacho hata Mjomba hakukiona. Hiyo ndiyo kazi aliyolipwa: kuungana kusionekane, na pamoja na kiungo, aliyeunga naye asionekane. Sakafu ya Uhindini aliyoisugua Bibi ilimtaka aifiche rangi isiyolingana. Faili nilizosoma nazo zimepigwa msasa vivyo hivyo.

Terazo haiwezi kufanya hivyo. Saruji hunywea ikikauka, na uso mpana usio na mistari utapasuka wenyewe, mahali upendapo. Kwa hiyo fundi huamua mapema ufa upite wapi, akaupa kioo. Kila mstari kwenye kaunta ya Bibi ni mahali ambapo kopo moja liliisha na jingine likafunguliwa. Niliyoyatafuta kwenye faili yalikuwa yamelala pale chini ya sahani yangu ya maandazi miaka yote: nani alilipwa kwa nini, nini kilikosekana, nani aliogopa.

Mstari mwingine umo kifuani mwa Mjomba. Kusugua kwa maji hakukutoa vumbi jingi. Miaka ya baadaye umeme na grainda za mkononi zilipofika kwa bei ya mtaani, kazi ikawa ya haraka na kavu. Mchanga na saruji vina silika, na vumbi lake laini likiingia kwenye mapafu halitoki, linaacha makovu. Australia ilipiga marufuku mawe ya kaunta yanayotengenezwa kwa kwatzi kuanzia Julai 1, 2024, kwa sababu ya mafundi wake vijana waliokuwa wakiugua. "Solidi" ya akriliki haina silika hiyo, lakini mwaka 2014 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha taarifa ya mtu mwenye makovu ya mapafu ambayo madaktari waliyahusisha na vumbi la kaunta za namna hiyo, baada ya miaka mingi ya kulikata na kulisaga. Kihonda nilimwona kijana akipiga msasa akiwa amejifunga fulana puani. Mjomba naye alimwona. Kabla hatujaondoka alimwambia mara mbili, "Tumia maji, mwanangu. Polepole, lakini tumia maji." Kijana akasema sawa, mzee. Nyuma yake mwenye nyumba alikuwa akiuliza kazi itaisha lini.

*

Jambo lililonifanya niandike makala haya kabla ya tasnifu ni kwamba kaunta ya Bibi ilikuwa ivunjwe. Bibi hayupo tena. Binamu yangu anataka sehemu ile iwe fremu ya wakala wa miamala ya simu, yenye marumaru nyeupe na taa, na hesabu zake si mbaya: kodi ya mwezi mmoja ingemlipia Mjomba dawa. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na mali ya Bibi haiguswi bila kauli ya mabinti na watoto wao. Kwa hiyo swali lilikuja kwangu, mimi niliyekuja na kinasa sauti nikidhani ni mtafiti.

Sikuwa na jibu la kishujaa. Makumbusho hayakai Mwembesongo, na dawa hazinunuliwi kwa historia. Nilimwita binamu, tukakaa na Mjomba kwenye benchi, nikamwomba amweleze tu. Akamweleza makopo, kandili, mawe ya Matombo. Binamu alisikiliza akigonga kioo cha chupa kwa kucha. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Inaweza kung'aa tena?"

Fremu inajengwa. Ukuta umekuja, taa zimekuja, na kaunta imebaki, wateja watatolea pesa juu yake. Jumamosi iliyopita Mjomba alikaa kwenye kiti, kwa sababu magoti na kifua havimruhusu tena, nami nikapewa jiwe namba 120 na ndoo ya maji. Alinikataza kubonyeza. Alinikataza kuzunguka sehemu moja. Baada ya saa moja mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi na nilikuwa nimemaliza nafasi ya sahani mbili kwenye chumba chekundu.

Tulipopumzika nilimwomba anitajie waliosugua pamoja naye mwaka 1974, kwenye ngazi iliyomlipa kopo la nyekundu. Alikumbuka wanne. Mmoja alirudi Mgeta kulima mboga, mmoja alikwenda Mahenge kutafuta mawe, wawili wamefariki, wote kwa kikohozi. Majina yao sijayaweka hapa kwa kuwa sijazungumza na familia zao. Yamo kwenye daftari, ukurasa wenye alama ya kidole chekundu, na wiki ijayo ninapanda Mgeta.

"Umeandika?" Mjomba akauliza.

"Nimeandika."

"Haya. Shika jiwe."